Bustani Mbele ya Mjusi

Julai 2024 nilikwenda Berlin kumtembelea mpwa wangu anayesoma huko, na nia yangu ilikuwa moja: kumwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa ambaye mifupa yake imo katika makumbusho ya huko. Mimi ni mtu wa Lindi, na Tendaguru ni kwetu. Habari za mifupa ile iliyofukuliwa kati ya 1909 na 1913, wazee wetu wakaibeba vichwani na mabegani hadi pwani, nimelelewa nazo.

Nje ya makumbusho nikasimama. Uwanja wa mbele ulikuwa umejaa maua, marefu kwa mafupi, rangi zimechanganyika kwa namna ambayo hakuna mtunza bustani niliyemjua angepanda hivyo.

"Mjomba, hii ni sanaa," akasema mpwa wangu. Akanieleza kwamba aliyeibuni ni Alexandra Daisy Ginsberg, msanii wa London, na kwamba ya kwanza ilipandwa Cornwall, Uingereza, mwaka 2021. Programu ya kompyuta ndiyo iliyopanga nini kipandwe na wapi, ili wadudu wa aina nyingi iwezekanavyo wapate chakula: nyuki, vipepeo, nondo, nzi, mbawakawa. Macho yetu hayakuulizwa. Nyuki hauoni wekundu kama sisi, ila anaona mwanga ambao sisi hatuuoni kabisa.

Nikainama. Nyuki mnene mwenye manyoya, kitako cheupe, alikuwa akijisukuma ndani ya ua la zambarau lenye umbo la kengele. Ua zima likatetemeka.

Nikamkumbuka mama. Mwaka mmoja shamba la jirani lilipuliziwa dawa, nyuki wakatoweka, na maboga yetu yakawa yanadondoka yakiwa na ukubwa wa limau. Mama akawa anaamka alfajiri, kabla maua hayajafumba. Anachuma ua dume, analibandua petali, anapaka ule unga wa manjano ndani ya ua jike. Moja, jingine, jingine, mgongo umepinda mpaka jua linawaka.

"Hii kazi ya mdudu, mwanangu," aliniambia. "Mimi nina vidole kumi tu."

Nimeonyeshwa sanamu nyingi za shaba katika miji mingi. Hakuna iliyonigusa kama vitalu vile.

"Mjomba, tiketi zetu ni za saa tano."

Nikamwomba anisubiri kidogo. Nyuki alikuwa bado hajatoka.