Kibanda cha mgongoni mwa pikapu: kilo 80 zilizotoka na paa lililonipiga kidevu

Kumbukumbu hizi nilianza kuziandika nikidhani nimepata kibanda kinachohitaji rangi na godoro jipya. Ni kile kibanda cha kulala kinachobebwa mgongoni mwa pikapu, chenye paa la kuinuka na kuta za kitambaa kati ya paa na mwili wake. Ukisafiri kinajikunja na kuwa kifupi. Ukifika unainua paa na unasimama wima ndani. Umri wake ni zaidi ya miaka 30. Pikapu yangu ni ndogo, na udogo huo ndio ulioamua karibu kila kitu kinachofuata hapa.

Juma la 1

Kabla ya kugusa skrubu hata moja nilikwenda kwenye mizani ya malori. Kibati kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi kilo 640. Pikapu tupu, tangi la mafuta limejaa, mimi nimeshuka: kilo 1,780. Ikiwa na kibanda: 2,260. Basi kibanda kina kilo 480 hivi, maana mizani ile inapanda kwa hatua za kilo 20. Mimi na mke wangu kwa pamoja tuna 145. Toa, toa tena, zinabaki kilo 15. Hizo ni lita 15 za maji, na hapo hujapakia nguo, sufuria wala chakula.

Lililonitisha zaidi ni ekseli ya mbele. Niliipima peke yake. Gari likiwa tupu ilibeba kilo 960. Baada ya kupakia kibanda, 940. Nimeongeza karibu nusu tani, na mbele pamepungua! Maana yake kitovu cha uzito wa kibanda kimeangukia nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo kinainua pua ya gari kama mtoto mzito aliyekaa ncha ya bembea ya ubao. Usukani unakuwa mwepesi, na breki za mbele hazipati uzito wa kushika barabara. Siku niliyokileta nyumbani nilihisi gari likiyumba, nikasingizia upepo.

Nikanunua mizani ya kuning'iniza na daftari. Nikajiwekea sharti kwamba hakitoki kitu wala hakiingii kitu bila kupimwa.

Juma la 2

Kupakua tu. Jeki nne za pembeni ni za kuinulia kibanda ili gari litoke chini yake, si za kumwachia mtu ajilaze chini na nyundo. Nimekishusha hadi kikae juu ya vipande vya magogo vilivyopangwa kwa kupishana, jeki zikabaki kusaidia tu. Shemeji alicheka, akasema nimejenga madhabahu. Acheke.

Juma la 3 hadi la 5

Kuoza. Nilijua kupo, sikujua kumefika wapi.

Doa la maji lilikuwa upande wa kushoto wa kitanda, ile sehemu inayochomoza juu ya kabini. Nikaanza kubomoa kushoto. Mbao za kushoto zilikuwa na unyevu, lakini ngumu. Nilipoteza siku mbili hapo kabla ya kufikiri kidogo: maji hayadondoki pale yanapoingilia, yanafuata boriti hadi yapate mwanya wa kutokea. Nikachukua bisibisi nyembamba nikaanza kuchoma boriti ya mbele kila baada ya sentimita tano kuelekea kulia. Ngumu, ngumu, ngumu, laini. Karibu na taa ndogo ya kuonyesha upana wa gari, iliyoko puani upande wa kulia, bisibisi ilizama hadi mpini bila kusukumwa.

Taa yenyewe ina mpira wa kuziba wa ukubwa wa kiganja, na mpira huo ulikuwa umekauka ukapasuka. Gari likisimama kwenye mvua, maji yanapita juu yake yanaenda zake. Likitembea kwenye mvua, upepo unayasukuma ndani. Ndiyo sababu aliyeniuzia aliapa kwamba hakivuji. Huenda alikuwa mkweli, kwani kwake kilikuwa kimesimama tu.

Ili kuifikia ile mbao ilibidi nivue kipande cha alumini kinachofunika kona. Kati ya skrubu 41, zilizokatika kichwa ni 17. Na juu ya kona yote mtu alikuwa amepaka silikoni, tabaka juu ya tabaka. Hapa naomba nilalamike kidogo. Silikoni kwenye kona ya kibanda ni deni unalomwachia atakayekuja baada yako. Haishiki vizuri kwenye alumini iliyochakaa, halafu ikishapakwa hakuna kitu kingine kinachokubali kushika juu yake, hata silikoni mpya. Nilikwangua kwa wembe wa plastiki, nikasugua kwa spiriti, nikakwangua tena. Kona moja ilikula jioni tatu.

Niliporudishia nilitumia utepe wa butili, ule mweusi unaonata kama ubani uliotafunwa. Unaulaza chini ya kipande cha kona, unakaza skrubu taratibu, unasubiri siku moja, unakaza tena, kisha unakata ulioteleza nje. Haukauki ukawa jiwe, kwa hiyo kibanda kikijipinda njiani nao unajipinda. Skrubu mpya zote ni za chuma kisichoshika kutu.

Nilichokata: boriti yote ya mbele, nguzo mbili fupi, theluthi moja ya ubao wa kitanda na sakafu yote. Sakafu haikuwa imeoza yote, nakiri, ila ilikuwa plaiwudi ya milimita 12 iliyokunywa maji miaka mingi. Niliweka ya milimita 9 na kuongeza boriti mbili chini yake ili isibonyee. Mbao zilizotoka: kilo 46. Zilizoingia: 29. Nilipoandika tofauti hiyo daftarini nilianza kuupenda mradi huu.

Juma la 6

Makabati yalikuwa ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi, yamevimba kingo. Kilo 38 nje. Mapya ni ya plaiwudi nyembamba, na milango ni kitambaa chenye zipu. Kilo 14. Hita ya gesi na mabomba yake, kilo 14, imetoka na hairudi, tutavaa soksi. Friji ya zamani, ile inayotumia gesi au umeme na inayogoma kupoza gari likisimama mshazari, ilikuwa na kilo 24. Ya kompresa niliyoweka, ya kufungulia juu, ina 12.

Juma la 7 na la 8

Paa. Linainuliwa na mbao mbili pana zinazokunjika katikati, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiwa na bawaba ndefu za kipande kimoja. Ukizisukuma zikanyooka, paa liko juu. Bawaba ya mbele ilikuwa imeng'oka nusu kwa sababu kila mtu aliyelala humo alisukuma kwa bega la upande uleule. Nimeibadilisha, na skrubu sasa zinaingia kwenye kipande cha mti mgumu badala ya plaiwudi tupu.

Kisha nikapata wazo la kusaidiwa na shokapu za gesi, kama zile zinazoshikilia buti la gari. Nguvu yake imeandikwa kwenye mwili wa shokapu kwa nyutoni. Nilichukua nne za nyutoni 400 bila kupiga hesabu ya uzito wa paa, kwa mawazo kwamba kikizidi hakiharibu. Nilipofungua lachi ya mwisho paa lilipanda lenyewe, ukingo wake ukanipiga kidevu, nikaketi chini bila kupanga. Kulishusha ilibidi tuning'inie watu wawili, na ubao wa mbele ulianza kupinda. Mke wangu aliuliza kama kibanda kimefufuka.

Nikatoa shokapu mbili. Halafu paneli ya sola ilipopanda juu, kilo 9 na vishikizo vyake, mambo yakalingana: unasukuma kwa mkono mmoja, na ukiachia nusu njia linabaki hapo hapo.

Juma la 9 hadi la 12

Kitambaa kimenichosha kuliko kuoza. Kile cha zamani kilikuwa kimepasuka kwenye mikunjo yote, ila kilikuwa kizima kiasi cha kutosha kuwa kielelezo. Nilikitandaza sakafuni, nikachora, nikaongeza nafasi ya mshono, nikakata turubai mpya lenye tabaka la vinili. Uzi ni wa poliesta nene unaovumilia jua. Palipokutana tabaka tatu, cherehani ilivunja sindano hadi nikaacha kuhesabu.

Tulipokipachika, paa halikufika juu. Zilipungua sentimita mbili, na mbao za kuinulia hazikuweza kunyooka zikajifunga. Nilipima kielelezo upya nikikasirika, nikaona nimekata sawasawa kabisa. Kilichokosewa ni kielelezo: vinili ikizeeka na kupigwa jua hujikunja, inapungua. Nilikuwa nimenakili kwa uaminifu kitambaa kilichosinyaa. Nilipaswa kupima nafasi yenyewe, paa likiwa limeinuliwa kwa mbao.

Sikukata upya. Nimeshonea mkanda wa sentimita nane kuzunguka chini yote, rangi nyeusi, na sasa kila anayekiona anasema mkanda ule umependeza. Nakubali sifa hizo kimyakimya.

Juma la 13

Umeme. Nyaya zote nje. Mtu alikuwa amezungusha ncha kwa vidole na kuzifunika kwa selotepu, na kutoka kwenye betri hakukuwa na fyuzi hata moja. Betri ya risasi yenye kilo 27 imepisha ya lithiamu yenye kilo 12: volti 12.8, ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,280, na unaweza kuzitumia karibu zote, wakati ile ya risasi ukipita nusu unaifupisha maisha. Kasoro yake ni kwamba haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, basi iko ndani, chini ya benchi la mbele. Kukaa mbele huko kulikuwa na sababu nyingine pia, ile ya ekseli.

Waya wa friji wa zamani ulikuwa wa milimita mraba 1. Umbali ni mita 4, kwenda na kurudi 8. Kwa ampea 5 unapoteza kama volti 0.7 njiani, na kwenye volti 12 hiyo si haba. Nimeweka wa milimita mraba 6, upotevu umeshuka hadi karibu 0.1. Fyuzi kuu iko jirani kabisa na betri, kwa kuwa kazi yake ni kuulinda waya wote unaofuata.

Gesi imebaki ya jiko peke yake: mtungi mdogo ndani ya sanduku lililozibwa kuelekea ndani, lenye tundu chini linalotoka nje, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutafuta sakafu. Viungo vyote nimevipaka maji ya sabuni. Kimoja kilitoa mapovu. Nimekikaza, nimepaka tena.

Juma la 14

Mkeka wa mpira kwenye bodi ili kibanda kisiteleze, minyororo minne ya kukifunga, kisha kilomita 50 na kukaza tena. Halafu mizani.

Daftari lilidai nimetoa kilo 168, pamoja na godoro lililolowa na zulia, na nimeingiza 86, yaani tofauti ya 82. Mizani: 2,180. Kibanda sasa ni kilo 400. Toa sisi wawili, zinabaki 95. Tangi la maji la lita 45 nimelisogeza mbele ya ekseli ya nyuma, na likijaa bado tuna kilo 50 za nguo, chakula na mtungi. Ekseli ya mbele, tangi likiwa bado tupu: 980. Nilimwomba mpimaji arudie. Akarudia, 980.

Kabla hatujaenda popote shemeji alisimama puani na mpira wa maji, akaimwagia ile taa ya kulia kwa shinikizo robo saa nzima, mimi nimelala ndani na tochi na tishu kavu. Tishu imebaki kavu. Zipu ya dirisha la nyuma, hata hivyo, nimeishona kinyume, inafunguka kwa nje tu. Tumegundua tukiwa ndani, usiku.