Je, Nikibaki Nyuma?

Jumatatu iliyofuata safari yangu ya kwanza ya mlimani, sikuweza kukanyaga pedeli ya cherehani. Niliweka mguu, nikasukuma, paja likakataa katakata. Mteja alikuwa amesimama mlangoni akisubiri suruali yake, ikabidi nimwombe arudi kesho. Kesho yake maumivu yakawa makali kuliko jana. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kilichoniumiza ni kushuka, wala si kupanda. Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja hurefuka huku umekaza, kama uzi unaovutwa wakati bobini imebanwa, na nyuzi zake ndogondogo huchanika. Maumivu hayo huanza kesho yake, hupamba moto siku ya pili au ya tatu, kisha hutulia yenyewe.

Naandika haya kwa sababu mwezi huu wanawake watatu wameniuliza habari za kujiunga na safari za siku moja za mlimani, na wote watatu walianza na swali lilelile: je, nikibaki nyuma? Hakuna aliyeuliza habari za viatu wala mvua. Wote wanaogopa kuwa wa mwisho. Nami nilikuwa wa mwisho, kwa hiyo nina la kusema.

Mimi ni fundi nguo. Miaka 19 nimekaa kwenye kiti kimoja, shingo imeinama, macho kwenye sindano. Milima iliyo nje ya mji naiona dirishani kila asubuhi, na kwa miaka yote hiyo ilinitosha kuitazama tu. Kilichonitoa kwenye kiti ni begi. Mteja mmoja aliniletea begi la mgongoni lililong'oka mkanda wa bega, na nilipofumua mshono wa zamani, likadondosha mezani udongo mweusi na vipande vya kuvumwani vilivyokauka. Chumba kizima kikanuka msitu. Nikamuuliza begi hili limekwenda wapi. Akaniambia huenda mlimani na kikundi mara moja kwa mwezi, wanaondoka alfajiri, wanarudi jioni, na wana mwongoza njia wao. "Njoo nawe, dada. Kama unaweza kutembea saa mbili mfululizo bila kukaa, utaweza."

Saa mbili mfululizo nilikuwa siziwezi. Nikaanza kutembea kila jioni baada ya kufunga kazi, na wiki ya tano nikaziweza.

Siku yenyewe nilivaa suruali ya pamba niliyojishonea mwenyewe, imara, kila mshono umepigwa mara mbili. Mwongoza njia wetu, kijana mpole mwenye sauti ya chini, aliitazama akauliza, "Dada, hiyo ni pamba?" Nikajibu kwa fahari kwamba ni pamba tupu. Akaniuliza tena kama nina shati jingine kavu ndani ya begi. Sikuwa nalo. Akatoa lake la akiba akaniwekea, bila neno la kuniaibisha.

Tulipofika kwenye mgongo wa mlima nilielewa. Jasho lilikuwa limeloweka kila kitu kuanzia kiunoni, na upepo ulipotupiga nikaanza kutetemeka huku jua likiwaka. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na sisi hatukuwa tumepanda hata mita 1,000. Kupoa huko peke yake ningekuvumilia. Kilichonimaliza ni upepo juu ya kitambaa kilicholowa. Na hilo mimi fundi nililijua siku zote bila kulifikiria: taulo tunalishona kwa pamba kwa sababu pamba hunywa maji na kuyashika. Sasa nilikuwa nimevaa taulo lililolowa mlimani. Poliesta hainywi maji, hivyo hukauka mwilini ukiwa unatembea. Sufu hunywa, lakini hubaki na joto hata ikiwa na unyevu. Tangu siku ile nguo zangu za mlimani nashona kwa vitambaa ambavyo zamani nilividharau.

Soksi nazo zilinifundisha. Kwenye soksi nyingi kuna mshono unaopita juu ya vidole, mnene kama kamba ukiupima kwa ngozi iliyolowa jasho. Ule mshono ulinisugua kidole kidogo mpaka likaota lengelenge. Sasa navaa soksi ndani nje, mshono ukae upande wa kiatu. Mwongoza njia aliniambia jambo ambalo nalirudia kwa kila mgeni: ukihisi mahali pamoja kwenye mguu panapata joto, sema wakati huohuo. Joto lile ndilo lengelenge kabla halijazaliwa. Kipande cha plasta kikibandikwa dakika ile kinaokoa siku nzima, lakini mtu anayeona haya kuwasimamisha wenzake huvumilia, na baada ya saa moja kikundi kizima kinamsubiri akichechemea.

Tulikuwa watu 14. Kabla ya kuanza, mwongoza njia alitukusanya akasema mbele atakuwa yeye, nyuma atakuwa mfunga mkia, na hakuna mtu wa kumpita yeye wala wa kubaki nyuma ya mfunga mkia. Kila njia panda, wote wanasimama mpaka wa mwisho afike. Nilidhani huo ni utaratibu wa kuhesabu watu tu. Baada ya saa moja nilikuwa nimeachwa kama hatua 200, pumzi imekatika, nasikia sauti za wenzangu juu ya kona. Nilipowafikia walikuwa wamekaa, wamekunywa maji, wameshapumua. Wawili wakainuka palepale, kama watu wanavyofanya: wa mwisho kafika, haya twende.

Mwongoza njia akawaambia wakae. "Huyu ndiye aliyechoka kuliko sote. Yeye hajapumzika bado." Tukakaa dakika kumi nzima, naye akaangalia saa.

Jambo hili nimelitafakari sana mezani kwangu. Bila utaratibu ule, mwenye nguvu hupumzika kila mara na mwenye kuchoka hapumziki kabisa, kwa hiyo pengo hukua kila kituo, mpaka mnyonge anaamini kwamba mlima si wake. Tulipoondoka aliniweka wa pili kwenye mstari, nyuma yake tu, akashusha mwendo hadi nikaweza kusema sentensi nzima bila kuhema. Wale wenye mbio wakatulia nyuma yangu. Sikuachwa tena siku ile.

Kuhusu muda, alinionyesha hesabu ambayo mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliiandika mwaka 1892, na bado watu wanaitumia. Kwa vipimo vya leo ni saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha unaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ilikuwa kilomita 12, na kupanda mita 900. Kilomita zinakupa saa mbili na dakika 24, kupanda kunakupa saa moja na nusu, jumla saa nne kasoro dakika sita. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mwenye mazoezi, asiyesimama popote, katika hali nzuri ya hewa. Kwa kikundi chenye wageni yeye alipanga saa saba. Nikauliza saa tatu zilizobaki ni za nini. Akasema ni za plasta, maji, picha, viatu vinavyofunguka, na mtu anayehitaji kukaa. Zimo ndani ya mpango tangu mwanzo, hakuna anayeziiba.

Pia alitangaza saa ya kugeuza: saa saba mchana, popote tutakapokuwa. Tulianza saa mbili asubuhi. Saa saba ilipogonga kilele kilikuwa mbele yetu, tunaona mawe yake, labda mita 150 za kupanda. Kulikuwa na manung'uniko. Kaka mmoja alisema amelipia kilele. Mimi mwenyewe machozi yalinilengalenga, kwa sababu nilijua ni mimi niliyekula muda. Mwongoza njia hakubishana. Alivaa begi lake, akasema tunashuka, akaanza kushuka.

Tulikuwa tumeshaingia msituni, mgongo wa mlima tumeuacha mbali juu, wingu lilipofunga. Umeme ukamulika, tukahesabu pamoja mpaka ngurumo ilipofika: sekunde 12. Sauti huchukua kama sekunde 3 kusafiri kilomita moja, kwa hiyo radi ilikuwa kilomita 4 hivi kutoka kwetu. Ya pili tukahesabu sekunde 6. Yule kaka alisimama akageuka kutazama juu, mahali ambapo tungekuwa tumesimama wazi, hakuna mti wala kitu kirefu kuliko sisi. Kisha akaja kunisaidia kubeba begi.

Si kila kikundi kiko hivyo, na siwezi kuwaficha. Mwaka uliofuata nililipia safari na watu wengine. Mwongoza njia wao aliondoka na wenye mbio, na hakukuwa na mfunga mkia. Mimi na kijana mmoja tuliyekuwa naye nyuma tukafika njia panda kwenye ukungu, njia mbili, hakuna alama, hakuna mtu. Tukaita, ukungu ukameza sauti. Kijana alitaka tujaribu njia ya kushoto. Nikamkatalia, maana kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba aliyepotea akibaki mahali pamoja hutafutika. Nikatoa filimbi. Ishara ya kuomba msaada milimani, iliyopendekezwa mwaka 1894, ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha dakika moja ya kimya, kisha sita tena. Anayekusikia hujibu kwa milio mitatu ndani ya dakika moja. Ile dakika ya kimya ni ngumu, mkono unataka kupuliza tu, lakini bila kimya hutasikia jibu. Tulipuliza karibu dakika 40. Milio mitatu ilipokuja kutoka chini, kijana yule alikaa chini akalia, nami nikamshika bega.

Aliyetujibu alikuwa mpita njia tu. Mwongoza njia wetu tulimkuta kwenye maegesho, ameshavua buti.

Ndiyo maana wakiniuliza wajiunge na kikundi gani, nawaambia wapige simu kwanza na waulize nani anakaa nyuma. Anayejibu haraka, kwa jina, huyo anajua kazi. Waulize pia saa ya kugeuza ni ngapi, na wakiambiwa "tutaona tukifika", watafute kikundi kingine. Idadi ya watu ni muhimu, kwa maana mtu mmoja hawezi kutazama watu 30 msituni. Urefu wa njia ukitajwa kwa kilomita tu, waulize mita za kupanda, kwa sababu kilomita 8 zinaweza kuwa matembezi au zikawa mateso. Na wamwambie mwongoza njia ukweli kuhusu goti, pumu, dawa wanazotumia, kabla ya siku yenyewe, asije akayajua mambo hayo huko juu.

Vitu vingine vyote huja polepole. Buti zikae miguuni mwezi mzima kabla hazijaona mlima. Taa ya kichwani iingie begini hata kama mnatarajia kurudi saa tisa, kwa sababu bondeni jua hupotea nyuma ya mlima mapema kuliko saa inavyosema. Fimbo mbili husaidia sana wakati wa kushuka, na mapaja yangu ni shahidi.

Mwaka wa tatu yule kijana mpole aliniomba niwe mfunga mkia. Nilidhani anakosea mtu. Akasema anataka mtu anayejua nyuma kukoje. Tangu hapo natembea wa mwisho kila mwezi kwa hiari yangu, na begini nina plasta, uzi wa nailoni, sindano kubwa ya kushonea mikanda, na mashati mawili makavu ya akiba.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, mkubwa kwangu kwa miaka kama 10. Wakati wa kushuka alianza kusimama kila baada ya hatua chache, akisingizia maua. Nikamwambia, "Mama, vidole vinagonga mbele ya kiatu?" Akanitazama, akakubali kwa kichwa. Akakaa juu ya jiwe. Nikapiga magoti, nikafungua kamba, nikausukuma mguu nyuma mpaka kisigino kikakaa sawasawa, nikapitisha kamba kwenye vile vitanzi vya juu na kukaza kifundoni, pale chini nikaacha nafasi. Nilifunga polepole, kama ninavyofunga pindo la gauni la arusi, kwa sababu nilitaka apumue.

"Nawachelewesha wenzangu," akasema.

Nikamwambia wapo njia panda, wamekaa. Tukashuka. Walikuwapo kweli, wote, wamejipanga juu ya gogo. Kijana mmoja mgeni akainuka alipotuona, akaanza kuvaa begi lake, na kabla sijasema kitu, mwongoza njia akamwonyesha mahali pa kukaa tena. Mama akakaribishwa kwenye gogo, katikati, akanyoosha miguu.

"Dakika kumi," akasema mwongoza njia, akaangalia saa.