Nani Aliweza Kurudi New Orleans Baada ya Katrina

Habari za Kimbunga Katrina zilizoenea duniani ni za siku chache tu: watu walionaswa juu ya mapaa, helikopta zikizunguka, na maelfu waliosongamana katika uwanja wa Superdome na katika ukumbi mkuu wa mikutano wa jiji bila maji ya kunywa wala vyoo vinavyofanya kazi. Mimi nimevutwa zaidi na miaka iliyofuata, yaani kipindi ambacho mkazi wa New Orleans, jiji la jimbo la Louisiana nchini Marekani, aliyejikuta katika miji ya majimbo mengine kama Houston, Atlanta au hata Salt Lake City alihangaika kutafuta namna ya kurudi kwake. Kipindi hicho ndicho kilichoamua nani angeendelea kuwa mkazi wa jiji lile na nani angelihesabu kuwa mahali alipowahi kuishi, na uamuzi huo haukufanywa na maji peke yake. Sehemu kubwa ya uamuzi ilifanyika mezani, kwa fomu, hati na kanuni za kukokotoa fedha.

Kimbunga kilitua kusini-mashariki mwa Louisiana asubuhi ya tarehe 29 Agosti 2005, siku moja baada ya meya Ray Nagin kutoa amri ya kuwataka watu wote wahame. Kilikuwa kimepungua nguvu hadi daraja la 3 kati ya madaraja matano ya vimbunga. Kilicholizamisha jiji ni kuta za kuzuia maji kandokando ya mifereji: ule wa 17th Street na ule wa London Avenue ilipasuka, na ukuta wa Industrial Canal ukabomoka upande wa mtaa wa Lower Ninth Ward kwa nguvu iliyozing'oa nyumba kwenye misingi yake. Takriban asilimia 80 ya jiji ilifunikwa na maji. Mfumo huo wa ulinzi ulijengwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, nacho kilikiri mwaka 2006 kwamba ulikuwa na kasoro. Baadhi ya kuta zilianguka kabla maji hayajafikia kimo zilichosanifiwa kukihimili.

Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu bila hilo mengine yote hayaeleweki. Mtu ambaye nyumba yake imezama kwa kuwa ukuta uliojengwa na serikali umeanguka anapaswa kuwa mdai, wala si mwombaji. Lakini ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1928 inayoikinga serikali kuu dhidi ya madai ya hasara itokanayo na kazi za kuzuia mafuriko, na mwezi Januari 2008 jaji wa mahakama ya shirikisho, huku akiwalaumu vikali wahandisi hao, aliifuta kesi ya wakazi kuhusu mfereji wa 17th Street kwa sababu ya kinga hiyo. Kwa hiyo wale waliokuwa na haki ya kudai walirudishwa kwenye foleni ya kuomba, na huko kwenye foleni ndiko mambo yalikoharibikia.

Umbali nao ulikuwa na uzito wake. Zaidi ya watu milioni moja walihama katika majimbo ya pwani ya Ghuba ya Meksiko, na Houston peke yake ilipokea maelfu kwa maelfu katika uwanja wa Astrodome. Baadhi ya waliookolewa walipandishwa ndege bila kuambiwa wanakopelekwa. Familia zilitawanyika kiasi kwamba watoto 5,192 waliandikishwa kuwa wamepotea au wametengana na wazazi wao, na wa mwisho wao aliunganishwa na familia yake mwezi Machi 2006. Mtu wa namna hii, asiye na gari, aliye umbali wa kilomita mia kadhaa, alitakiwa kufuatilia bima, kukutana na mthamini, kupata kibali cha ujenzi na kuhudhuria mikutano ya mtaa ambao haukuwa na watu. Hata uchaguzi wa meya wa Aprili 2006 ulifanyika wakati wapiga kura wengi wakiwa majimbo mengine. Waliweza kupiga kura kwa posta, lakini vituo vya nje ya jiji viliwekwa ndani ya Louisiana tu, na wako waliosafiri kwa basi kutoka Houston ili wapige kura moja.

Kazi ya kuyapampu maji ilimalizika Oktoba 2005, baada ya Kimbunga Rita cha mwezi Septemba kuizamisha Lower Ninth Ward kwa mara ya pili. Wenyeji wa eneo lililoharibika zaidi la mtaa huo hawakuruhusiwa kuingia hadi tarehe 1 Desemba, na hata hapo waliruhusiwa kutazama na kuondoka tu. Walichokikuta ni milango iliyopakwa alama kubwa za msalaba kwa rangi ya kupuliza: upande mmoja jina la kikosi cha uokoaji, upande mwingine tarehe, na chini idadi ya watu au maiti waliokutwa ndani. Kuta za ndani zilikuwa zimeota kuvu hadi darini. Nyumba kama hiyo haioshwi. Inabidi ikwanguliwe yote, mbao za ukuta, sakafu, nyaya na vyote, mpaka ibaki mifupa.

Gharama ya kazi hiyo inatoka wapi? Bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani hulipia upepo lakini hailipii mafuriko, kwa hiyo kampuni na wenye nyumba walibishana kwa miaka kama paa liliondoka kwanza au maji yaliingia kwanza, na mara nyingi jibu la kampuni lilikuwa maji. Bima ya mafuriko hutolewa chini ya mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968, nayo ni ya lazima hasa kwa mwenye mkopo wa nyumba katika eneo lililotajwa kuwa la hatari. Sasa Lower Ninth Ward ulikuwa mtaa wa Wamarekani Weusi wa kipato cha chini ambako wengi walimiliki nyumba zao, tena nyumba zilizolipiwa zamani na wazazi au babu. Hawakuwa na mkopo, kwa hiyo hakuna benki iliyowalazimisha kukata bima ile. Kule kutodaiwa na mtu, ambako kokote kungehesabiwa kuwa busara, ndiko kulikowaacha mikono mitupu.

Wale wasio na bima ya kutosha walielekezwa kwenye Road Home, mpango wa jimbo la Louisiana uliotumia fedha za serikali kuu na ambao hatimaye uligawa takriban dola bilioni 9 kwa wenye nyumba wapatao 130,000. Si fedha kidogo, na wapo waliojengewa maisha upya kwa fedha hizo. Tatizo lilikuwa kanuni. Ruzuku ilikokotolewa kwa kuchukua thamani ya nyumba kabla ya kimbunga au gharama ya uharibifu, ile iliyo ndogo zaidi, kisha yakapunguzwa malipo ya bima, na kikomo kilikuwa dola 150,000. Tuchukue nyumba mbili zinazolingana kwa kila kitu, ambazo kila moja inahitaji dola 150,000 kutengenezwa. Moja iko kwenye mtaa wa Weupe na bei yake ya soko ni dola 200,000. Nyingine iko kwenye mtaa wa Weusi na bei yake ni dola 80,000. Kama hakuna bima, wa kwanza anapata 150,000 na anajenga. Wa pili anapata 80,000, na upungufu wa 70,000 atautafuta mwenyewe, ingawa mbao, misumari na fundi vina bei ileile kwa wote wawili. Bei ya soko ya nyumba ya pili ilikuwa imeshushwa na miaka mingi ya ubaguzi, na sasa serikali ikaitumia bei hiyohiyo kama kipimo cha msaada. Wakazi na watetezi wa haki za makazi walifungua kesi mwaka 2008. Jimbo lilirekebisha utaratibu kwa watu wa kipato cha chini, na mwaka 2011 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 62. Kwa familia iliyokuwa imekwisha andikisha watoto shule Texas kwa miaka sita, marekebisho hayo yalichelewa mno.

Kabla ya kufika kwenye kanuni hiyo, mwombaji alipaswa kuthibitisha kwamba nyumba ni yake. Nyumba nyingi zilikuwa zimerithiwa bila mirathi kufunguliwa mahakamani: bibi alifariki, binti akabaki ndani, akalipa kodi ya ardhi kila mwaka, na hati ikabaki na jina la bibi. Kisheria nyumba hiyo ilikuwa mali ya warithi wote pamoja, akiwemo binamu aliyehamia California miaka ya nyuma. Kumtafuta binamu huyo, kupata cheti cha kifo na kumlipa wakili ni mambo yanayowezekana katika hali ya kawaida. Kwa mtu anayelala kwenye kitanda cha msaada huku nyaraka zake zimeoza majini, ni karibu sawa na kumwambia asijisumbue.

Nimezungumza sana juu ya wenye nyumba, na hilo lenyewe ni dosari ya mpango mzima, kwa kuwa zaidi ya nusu ya kaya za jiji zilikuwa za wapangaji na Road Home haikuwa na ruzuku ya kuwapa. Kodi zilipanda mara moja. Halmashauri ya jiji, tarehe 20 Desemba 2007, ilipiga kura kwa kauli moja kubomoa majengo makubwa manne ya nyumba za umma, yenye makazi takriban 4,500, huku polisi wakiwatawanya waandamanaji nje. Baadhi ya majengo hayo yalikuwa ya matofali imara na yangeweza kukarabatiwa. Ninakubali kwamba yalikuwa na matatizo yake ya zamani. Lakini kubomoa makazi ya maskini wakati ambapo jiji halina makazi ni uamuzi ambao sijaona utetezi wake wa kuridhisha.

Makazi ya muda ya FEMA, wakala wa serikali kuu unaoshughulikia maafa, yalikuwa trela finyu ambazo vipimo vilivyofanywa na mamlaka ya afya kuanzia mwisho wa 2007 vilionyesha zina kiwango kikubwa cha formaldehaidi, gesi inayodhuru afya. Watu walikuwa wamelala humo zaidi ya mwaka.

Wapo waliorudi mapema, na njia yao inafundisha jambo. Wavietnamu wa New Orleans East walirejea miezi michache tu baada ya kimbunga, wakiwa wamejipanga kupitia kanisa lao Katoliki, ambalo lilijua nani yuko wapi na likawasemea wote kwa pamoja mbele ya kampuni ya umeme na ofisi za jiji. Mwaka 2006 walifanikiwa pia kufunga jalala la kifusi lililowekwa karibu nao. Serikali ilimshughulikia kila mwombaji peke yake na faili lake. Wao walikataa kushughulikiwa hivyo.

Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu 484,674 jijini. Ya mwaka 2010 ilihesabu 343,829. Na faili za Road Home hazikufungwa upesi. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa wamepewa dola 30,000 za ziada ili wainue nyumba zao juu ya kimo cha mafuriko, wakazitumia kumalizia ukarabati kwa kuwa ruzuku ya kwanza haikutosha, na wengi walieleza kwamba waliambiwa na maofisa wa mpango wenyewe kuwa inaruhusiwa. Jimbo liliwafungulia kesi maelfu yao likidai lirudishiwe fedha. Kesi hizo zilitangazwa kufutwa Februari 2023, wakati mtu aliyekuwa na miaka 60 siku kuta zilipoanguka alikuwa na 77.