Mdogo wangu ametoka thieta salama

Usiku wa kuamkia leo mdogo wangu amejifungua kwa upasuaji, hapahapa kwenye kituo cha afya cha kata yetu. Miaka saba iliyopita, uchungu ulipomshinda dada yetu mkubwa, tulimpakia kwenye pikapu kwenda wilayani. Muda wa saa nne kwenye matope. Mtoto hatukumpata.

Safari hii nilikaa koridoni. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamsikia nesi akisoma kwa sauti: jina la mgonjwa, anafanyiwa nini, ana mzio wa dawa yoyote, damu ipo? Baadaye akanieleza kwamba ni orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, ina vipengele 19, na wao hawaruki hata kimoja. Katikati umeme ukakatika. Moyo ulinisimama mpaka jenereta ilipowaka.

Mwaka 2015 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoumudu. Sisi tulikuwa humo. Jamani, kisu peke yake hakitoshi! Inatakiwa damu, dizeli, kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, na mtu wa dawa ya usingizi. Hapa kwetu yupo mmoja tu, na ndiye aliyekesha jana. Naomba sana aongezewe mwenzake.

Mtoto ni wa kike, kilo 3.1.