Siku moja maishani mwangu: nyuma ya dirisha la maabara, Dodoma

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Julai hapa Dodoma inauma, na upepo umeshaanza kubeba vumbi kabla jua halijachomoza. Nimejitanda kanga juu ya sweta, nimepanda bodaboda kutoka Nkuhungu. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja hapa mjini, upande wa bakteria. Watu wakisikia maabara hufikiria malaria na mkojo. Kazi yangu kubwa ni kuotesha damu, yaani kutafuta kama kuna bakteria ndani yake, na inayonikaa moyoni kuliko zote ni damu ya watoto wachanga walio kwenye uangalizi maalumu: njiti, waliozaliwa wamechoka, walioshikwa na homa kabla hata hawajapewa jina.

Saa 12:30 nimepokea zamu, nimeandika joto la inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, na la friji, nimevaa koti na glavu.

Saa 1 nafungua sahani za jana, zile ndogo zenye chakula cha bakteria. Ya kwanza ni ya mtoto wa siku 6. Damu yake imeotesha bakteria aitwaye Klebsiella, na jana saa 9 alasiri nilimpaka kwenye sahani nikampangia vidiski, vikaratasi vidogo vya duara vyenye dawa. Dawa inayomweza bakteria huacha duara safi kuzunguka kidiski chake, mahali ambapo hakuna kilichoota, nami hulipima kwa rula kwa milimita. Jentamaisini: bakteria wameota mpaka kwenye ukingo wa kidiski. Seftriaksoni: hivyo hivyo. Mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na maambukizi kwenye damu kwa kawaida huanzishiwa ampisilini na jentamaisini. Klebsiella ni sugu kwa ampisilini kwa asili yake. Jentamaisini nayo ikishindwa, maana yake mtoto huyu amekuwa akichomwa sindano siku zote hizi na mdudu anaendelea na kazi yake.

Amikasini ilikuwa na duara zuri. Meropenemu nayo duara pana, lakini hiyo tunaitunza, maana tukiikimbilia kwa kila mtoto itatufia mikononi kama hizo nyingine. Nilipiga simu wodini kabla ya kuandika popote. Namba ya faili, jina la mama, dawa moja moja, na sista akanisomea tena yote.

"Kwa hiyo amikasini inashika?"

"Inashika, sista."

Nikasikia akishusha pumzi. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa unaandikwa kwenye mabango kwa herufi kubwa. Kwangu mimi ni rula na duara ambalo halipo.

Saa 3 dirisha likagongwa kwa sarafu.

"Dada, ninyi humo ndani mnafanya nini?"

Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, viatu vimejaa vumbi, ametoka Mpwapwa. Mkewe amejifungua kwa upasuaji, mtoto ana kilo 1.2, na damu ya mtoto imechukuliwa jana saa 2 usiku. Anataka majibu. Jirani yake kwenye benchi amepima malaria na kuondoka ndani ya nusu saa, yeye kalala nje. Nikamwambia, "Pole, baba. Hicho ni kipimo kingine." Akapandisha sauti, foleni nzima ikageuka. Akasema tunasubiri pesa. Hilo liliniuma, sikatai.

Nikatoka nje nikasimama naye. Nikamweleza kwamba damu ya mwanawe iko ndani ya chupa yenye chakula cha bakteria, na mashine inaitunza kwenye joto kama la mwili na kuiangalia muda wote. Kama kuna bakteria, atakula, ataongezeka, na mashine italia. Inaweza kulia leo, inaweza kulia kesho, na tukifika siku 5 kimya ndipo tunasema hakuna kilichoota. Ikilia, namwotesha kwenye sahani usiku kucha ili nimjue ni nani, kisha usiku mwingine nimjaribishe na dawa.

"Hamwezi kuzidisha joto aote haraka?"

Swali zuri, na nikamwambia hivyo. Joto likizidi anakufa, na akifa sitajua dawa ipi inamweza. Akafikiri kidogo, akarudi upya: mbona mmechukua damu nyingi kwa kiumbe kidogo namna ile? Ilikuwa mililita 1. Mtoto wa uzito ule ana damu kama mililita 100 mwili mzima, haijai hata nusu kikombe cha chai, kwa hiyo hasira yake ina haki. Lakini tukichukua matone mawili tu, bakteria wachache waliomo wanaweza wasiingie kwenye chupa, nasi tukatoa jibu la uongo. Akaondoka. Akarudi saa 4. Akarudi tena saa 5 na nusu, safari hii hakugonga, alisimama tu.

Katikati ya hayo ikaletwa chupa isiyo na jina. Damu nzuri, imejaa vizuri, ya nani haijulikani. Sikuweza kuipokea. Maana yake mtoto mmoja achomwe tena, atafutwe mshipa mwembamba kama uzi, na mimi ndiye niliyepiga simu kuomba hivyo. Siku za namna hiyo sisikii njaa.

Mashine ililia saa 7 mchana. Nikaangalia namba: mtoto wa Mpwapwa. Nikapaka slaidi, nikatia rangi, nikainama kwenye hadubini. Bakteria wa umbo la fimbo, wekundu, wengi. Nikampigia daktari wa zamu. Akauliza kama ni mdudu yule yule wa asubuhi, kwa sababu vitanda vya watoto hao wawili vimepakana. Nikamwambia kwa hadubini siwezi kuapa, bakteria wengine kama E. coli pia huonekana hivyo. Lakini Klebsiella husafiri kwa mikono, kwa sinki, kwa maji ya chupa za oksijeni, na wote wawili tulijua tunachokiogopa. Alisema hatasubiri sahani, anabadilisha dawa sasa hivi, na anamwita mama mkuu wa wodi waanze na mikono na masinki.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kidogo, nikasimama mbele ya inkubeta nikiitazama nyuzi kama anayechunga maziwa jikoni. Nikapanda damu ya mtoto yule kwenye sahani tatu. Nikachapa majibu, nikaandika daftari, miguu ikawaka moto.

Nilipotoka jua lilikuwa linazama. Alikuwa amekaa chini ya mwarobaini, kanga ya mkewe begani. Akasimama.

"Dada, ameota?"

Majibu hutolewa na daktari, si mimi barabarani.

"Nenda wodini, baba. Daktari anakutafuta tangu mchana."

Akaenda akikimbia. Sahani zake ziko kwenye nyuzi 35, nitazifungua kesho saa 1.