Nilivyojifunza kuisoma herufi 鱲 kwa Kimandarini na Kikantoni

Nilipokuwa nasoma Guangzhou, kusini mwa China, jina 赤鱲角 nilikutana nalo kila nilipopanga safari ya kupitia Hong Kong. Ni Chek Lap Kok, kisiwa ulipo uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1998. Herufi ya kwanza maana yake ni nyekundu. Ya tatu ni pembe, na kwenye majina ya pwani ni rasi. Ile ya katikati haikuwamo kabisa kwenye kamusi yangu ndogo.

Nikaenda maktaba kwenye kamusi kubwa, ambako herufi hupangwa kwa sehemu yake kuu. Hapa ni 魚, samaki, yenye mistari 11. Upande wa kulia nikahesabu mistari 15, kwa kidole, taratibu, maana imesongamana kweli. Nikaipata: ni jina la samaki. Kwa watu wa Guangdong, mkoa ulipo mji wa Guangzhou, ni samaki wa baharini anayefanana kidogo na changu wetu.

Kilichonivutia zaidi ni matamshi. Upande ule wa kulia ndio unaodokeza sauti, na umo pia katika 蠟, nta, na 獵, kuwinda. Kwa Kimandarini, yaani Kichina rasmi, nta ni là, kuwinda ni liè; kwa Kikantoni, lugha ya Guangzhou na Hong Kong, ni laap na lip. Sasa 鱲 kwa Kimandarini ni liè, imeandamana na kuwinda. Kwa Kikantoni ni laap, imeandamana na nta! Kila lugha imeshika njia yake, kwa hiyo ukijua tamshi moja usilikisie la pili. Nilikariri yote mawili pamoja na hizo jamaa zake, na hayajanitoka.

Liè haikunisumbua: toni ya nne, sauti inashuka ghafla. Laap ndiyo kazi. Toni yake ni ya sita, ya chini na iliyonyooka, na ile p midomo inaifunga bila kuiachia. Sisi tuliozoea silabi za kuishia na irabu tunateleza na kusema "lapu". Nilijizoeza kwa kubana midomo na kutoa pumzi puani kabla ya neno linalofuata.

Nikaijaribu sokoni kwa mama muuza samaki, nikamtajia 黃腳鱲, yule mwenye mapezi ya njano. Hakuniuliza mara ya pili. Alizamisha wavu kwenye tangi, akamtoa mmoja na kumweka kwenye mizani.