Brashi ya Nywele za Paka na Milango ya Zulekha

Jana, katika karakana ndogo pembeni mwa uwanja wa Naqsh-e Jahan mjini Isfahan, Iran, nilimtazama mzee mmoja akichora ndevu za shujaa kwa brashi ya nywele za paka, nyembamba kiasi kwamba alizuia pumzi kabla ya kila mstari. Nilikaa karibu saa nzima, naye hakumaliza hata kidevu.

Ukutani alikuwa ametundika nakala ya picha ninayoipenda kuliko zote za Kiajemi, ile ya Nabii Yusuf akimkimbia Zulekha, mke wa bwana wake aliyemtamani, iliyochorwa na mchoraji Behzad mjini Herat, katika Afghanistan ya leo, mwaka 1488. Haina vivuli, wala kilicho mbali hakipungui ukubwa. Jumba zima limeanikwa mbele ya macho, ngazi juu ya ngazi, na milango yote imefungwa, hata jicho la mtazamaji nalo huanza kutafuta pa kutokea. Kisa hiki nilikijua tangu madrasa, lakini sikuwahi kuihisi hofu ya Yusuf namna ile. Na buluu ya wachoraji hawa wa Kiajemi, ambayo wazee wao waliipata kwa kusaga jiwe la lazuli kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan, bado ninaiona nikifumba macho.